Niwaonyeshe vijana filamu ya Legend, ama niiache?

MtuWaPazia (Umoja): Wadau, hamjambo? Huku mtaani huwa tunawaonyesha vijana filamu ukumbini, kisha tunaijadili. Nimependekeza Legend ya Ridley Scott, ya 1985. Mwenzangu hataki hata kuisikia. Anasema ni urembo mtupu: Jack, kijana wa msituni, Lili, binti wa kifalme, na shetani mwenye mapembe anayetaka usiku usiishe, basi. Hadithi ni nyepesi, sikatai. Lakini ule msitu jamani! Chavua inaelea kwenye mwanga kila mahali, na wote ulijengwa ndani ya studio ya Pinewood, Uingereza. Tuna vijana wanaopenda kamera sana. Nishikilie, ama nimsikilize?

Shosh wa Sinema: Mjukuu wangu, mwenzako ana hoja. Yule Jack ni nani? Anapenda nini, anaogopa nini? Filamu inaisha sijamjua. Mtoto wa miaka 14 atasifu picha dakika kumi, kisha atoe simu.

Fundi Taa: Inategemea toleo. La Marekani ni dakika 89, limekatwakatwa. La mwelekezi mwenyewe, lililotoka 2002, ni dakika 113. Tafuta hilo, Lili anaeleweka zaidi. Na uwaambie huo msitu uliteketea kwa moto 1984 upigaji picha ukiendelea.

Binti Buruburu: Mimi ningeionyesha kwa sababu ya sehemu moja tu. Gauni jeusi linatokea likicheza densi, Lili anaogopa, anavutwa, anaanza kucheza nalo, mara tunaona tayari amelivaa. Hakuna aliyesema neno, na umeshajua binti ameanza kushawishika. Hapo picha ndiyo inayosimulia. Kwingine ni mapambo kweli, Shosh hajakosea. Simamisha hapo uwaulize vijana: mbona hapa mmekaa kimya, na kule mlikuwa mnapiga soga?

MtuWaPazia: Asanteni sana. Shosh, nimekusikia kuhusu Jack. Hilo swali lako nitawapa walijibu wenyewe. Kesho namwonyesha mwenzangu hiyo sehemu ya gauni kabla hatujabishana tena.

Fundi Taa: Sawa. Ila filamu yenyewe ina giza jingi, na projekta za kukodisha nyingi mwanga wake ni hafifu. Usianze saa tisa mchana madirisha yakiwa wazi. Ngoja saa moja jioni.