Carina Ti inakula oili: nishushe injini au nichukue IST ya mkopo?

Mwalimu wa Chamwino

Habari za jioni wakuu. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nafundisha Chamwino. Nina Carina Ti, injini ya 5A, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2013. Tangu Machi inakula oili, lita moja haimalizi wiki mbili. Nikipanda kuelekea UDOM moshi wa bluu unajaa nyuma hadi bodaboda wanajitenga.

Fundi wangu wa Chang'ombe amenipa bei mbili. Kushusha injini na kubadilisha ringi za pistoni ni milioni 1.4 pamoja na ufundi. Injini ya mtumba kutoka Dar, ikiwa imefungwa, milioni 2.1. Bodi haina kutu, gia zinaingia vizuri, shokapu nilifunga mpya mwaka jana.

Upande mwingine kuna yadi wananiita nichukue IST. Taslimu ni milioni 14.5. Kwa mkopo natanguliza milioni 5, kisha 480,000 kila mwezi kwa miaka mitatu. Nimekaa na kalamu: jumla 22,280,000, yaani karibu milioni 8 juu ya bei. Na lazima nikate bima kubwa, asilimia 3.5 ya thamani na VAT juu yake, kama laki sita kwa mwaka. Carina nailipia bima ndogo, 118,000.

Mngesema basi jibu ni rahisi. Lakini mama yangu yuko Mvumi, ana miaka 74, na kila mwezi namleta kliniki Benjamin Mkapa. Safari iliyopita taa ya oili iliwaka tukiwa katikati ya njia. Nikazima, nikaongeza oili niliyokuwa nayo kwenye chupa, tukangoja chini ya mbuyu injini ipoe. Mama hakusema neno, alishika tu mfuko wake wa dawa. Tangu siku ile nikiwasha gari moyo unadunda. Nishaurini kama mnavyomshauri dada yenu.

Fundi wa Majengo

Mwalimu, pole. Usitoe hela yoyote kabla hujapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Moshi wa bluu ni oili inaungua, sawa, ila inapitia wapi? Ukiwasha asubuhi likatoa moshi kidogo kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu, na hiyo ni kazi ndogo. Likitoa ukikanyaga mafuta kwenye mlima, hapo nashuku ringi. Mwambie fundi apime silinda zote nne, halafu iliyo chini amwagie oili kidogo kwenye tundu la plagi na apime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.

La pili, fungua boksi la ea filta. Sisi wa Dodoma tunauawa na vumbi. Boksi lisipobana vizuri, vumbi linaingia moja kwa moja na kusaga ringi na kuta za silinda. Ukifunga injini nyingine ukaacha boksi hilohilo, utarudi hapa.

Injini ya mtumba mimi siipendi kwa hali yako. Hujui imetembea wapi, na ya kwako unaijua tangu 2013.

Mtumishi wa Mtumba

Mimi nilichukua gari kwa mkopo 2021, nimemaliza. Sijutii, maana langu la zamani lilikuwa limeoza kwa kutu, nililitoa Tanga, na gia boksi ilikuwa imekufa. Lako halijafika huko.

Ila dada, angalia salary slip yako kwanza. Kama bado unakatwa mkopo wa chuo wa bodi ya mikopo, asilimia 15, ukiongeza hiyo 480,000 nje ya makato unabaki na nini? Sheria inalinda theluthi moja ya mshahara kwa makato yanayopita kwa mwajiri. Rejesho unalolipa mwenyewe mkononi hakuna anayelihesabu. Na kadi ya gari inakaa kwa waliokukopesha hadi umalize. Mimi kuna miezi mitatu nililipia gari nikashindwa kulitia mafuta.

Dereva wa njia ya Kondoa

Mwalimu, umefunga vitu viwili kamba moja. Usafiri wako wa kazini na safari ya mama ni mambo mawili. Siku ya kliniki kodi gari zima na dereva. Hata ukilipa 70,000 kwenda na kurudi, mara kumi na mbili ni 840,000. Hayo hayafiki marejesho ya miezi miwili ya hiyo IST. Mama anafika salama, na Carina inatengenezwa bila presha.

Mwalimu wa Chamwino

Asanteni sana, ndugu zangu. Dereva, nimeisoma hesabu yako mara tatu. Sikuwahi kuliona hivyo.

Jana tumepima. Silinda ya kwanza 165, ya pili 160, ya tatu 105, ya nne 165. Ya tatu ilipomwagiwa oili ikapanda hadi 150, kwa hiyo ni ringi. Na Fundi wa Majengo, Mungu akuweke: klipu moja ya boksi la filta imevunjika, ndani ya bomba kuna vumbi jekundu unaweza kuandika kwa kidole. Sijui limeingia kwa miaka mingapi.

Bodi ya mikopo bado nakatwa, kwa hiyo IST nimeiacha. Nakopa milioni 2 SACCOS. Ringi, sili za valvu, gasketi, taiming belti na wota pampu kwa kuwa injini itakuwa wazi, na boksi jipya la filta. Nimemwambia fundi kuta za silinda zipimwe mbele yangu kabla hajanunua ringi, ili kama inabidi kuchonga nijue mapema.

Kliniki ya mwezi huu nimeshapata Noah. Nilipompigia mama aliuliza kama dereva anaendesha polepole.

Fundi wa Majengo

Safi sana, mwalimu. Akimaliza, kilomita elfu moja za mwanzo usiikanyage sana, na umwage oili mapema.