Naomba ushauri: nifunge sehemu ya maoni kwenye ukurasa wa mwimbaji ninayemfanyia kazi?

Mlinda Mlango (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimeajiriwa kusimamia ukurasa wa mwimbaji mmoja wa kike ambaye sitamtaja jina, na kwa hilo naomba mniwie radhi mapema. Kazi yangu ni kumpiga picha, kuziweka mtandaoni, kujibu maoni na kufuta matusi. Alijifungua miezi saba iliyopita, na mwili wake, kama ilivyo miili ya wazazi wengi, haujarudi ulivyokuwa. Tangu nilipoweka picha yake ya kwanza baada ya uzazi, usingizi umenipaa, kwa sababu watu wasiomfahamu kwa lolote walimwita bonge, wakasema amejiachia, wakampa pole mumewe, na wengine wakaiweka picha yake ya zamani kando ya ile mpya na kulizungushia tumbo duara jekundu.

Baada ya wiki tatu atapanda jukwaani kwa mara ya kwanza tangu alipojifungua. Naomba mnishauri: nifunge sehemu ya maoni hadi onyesho lipite, au niiache wazi na kuendelea kufuta moja moja?

Mwendo wa Asubuhi

Hongera kwa kumjali mwajiri wako. Kwa maoni yangu, kufunga maoni ni kufunika kidonda bila kukiosha. Miezi saba baada ya kujifungua inatosha kuanza kutembea kwa haraka kila siku, mradi daktari ameridhia. Mimi nilianza na dakika kumi tu, nikaongeza kidogo kidogo, na ndani ya mwaka nguo zangu za zamani zikanikaa tena. Mwambie asijinyime chakula kama ananyonyesha, apunguze sukari, na alale kila mtoto anapolala.

Bi Mkubwa wa Pili

Ndugu Mwendo, mleta mada hakuuliza namna ya kupunguza uzito. Angalia jinsi tulivyo wepesi wa kumpa mwanamke dawa ya ugonjwa ambao hajasema anaumwa.

Nami nina la kusimulia. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, nilirudi kazini baada ya likizo, na mwenzangu mmoja akanipongeza mbele ya watu kwa mimba mpya. Nilimwitikia "ahsante," kwa sababu sikujua la kusema, kisha kwa wiki nzima nikawa nabeba faili kifuani kila ninapopita karibu na meza yake. Yule alikuwa mtu mmoja, tena hakuwa na nia mbaya. Nikijaribu kuwafikiria maelfu wakisema hivyo kwa siku moja, mwili unanisisimka.

Mzee wa Hoja

Tusiumane maneno, tuseme ukweli. Anayechagua maisha ya kutazamwa amekubali pia kupimwa kwa macho. Mfanyabiashara akipanga bidhaa yake mbele, hawezi kumkataza mpita njia kusema kwamba imechakaa. Wazee wetu walijistiri, na hakuna aliyejua kiuno cha mtu kilikuwa na ukubwa gani. Msanii huyo avae nguo pana, aimbe, arudi nyumbani kulea.

Nanga

Mzee wangu, kwa heshima zote, bidhaa yake ni sauti. Mwaka 2012 mbunifu wa mitindo Karl Lagerfeld alisema hadharani kwamba Adele amenenepa kidogo, ingawa wakati huo mwimbaji huyo alikuwa ndiye anayeuza kuliko karibu wote. Mwaka 2020 alipoonekana amepungua sana, wakaibuka wengine waliolalamika kwamba amewasaliti wanawake wanene. Sauti ilikuwa ileile miaka yote miwili. Ariana Grande naye, mwaka 2023, ilimbidi arekodi video kuwaeleza watu waliokuwa wakimwambia amekonda kupita kiasi kwamba ule mwili wa zamani waliouita wenye afya ulikuwa wa kipindi ambacho afya yake ilikuwa mbovu kuliko wakati wowote. Akinenepa ni bonge, akikonda ni mgonjwa. Basi hiyo bidhaa unayoisema, Mzee wangu, ikae vipi kwenye meza?

Hata kujinyima hakukuwanusuru waliojaribu. Karen Carpenter, aliyekuwa mwimbaji na mpiga ngoma hodari, alifariki tarehe 4 Februari 1983 akiwa na umri wa miaka 32, moyo wake ukiwa umeshindwa baada ya miaka ya maradhi ya kujinyima chakula.

Sasa nirudi kwako, mleta mada. Umesema ufunge maoni "hadi onyesho lipite." Matusi hayana ratiba. Ni kitu gani hasa unachohofia kwamba kitaandikwa siku hiyo ambacho hakikuandikwa katika miezi yote hii? Naona kuna jambo umelibakiza.

Mlinda Mlango

Ndugu Nanga, sikupenda kulisema kwa sababu nilijua mazungumzo yote yatahamia huko. Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikihariri picha zake kabla ya kuziweka. Napunguza mikono, kiuno na kidevu. Nilianza na picha moja, siku ambayo maoni yalikuwa mabaya mno, na kesho yake yakawa mazuri, nami sikuweza tena kurudi nyuma. Siku ya onyesho watu watauona mwili wake halisi, kisha wataulinganisha na picha zangu.

Naomba msinihukumu haraka. Sikufanya hivyo kwa kumdharau. Nampenda kama dada yangu wa tumbo moja, na matangazo mawili ya nguo yaliyokuwa yamesitishwa yamerudi. Nimekwisha kuzungumza na mafundi wa taa ili wasimmulike kwa ukali, nimewaomba wapiga picha wakae nyuma, na gauni jeusi pana limeshaanza kushonwa. Kilichobaki ni maoni tu.

Fundi wa Lenzi

Mimi napiga picha kwa riziki yangu, kwa hiyo nitasema la fani yangu. Ukivuta kiuno ndani, mstari wa mlango ulio nyuma yake hupinda, vigae vya sakafu hupoteza unyoofu, na kivuli hubaki kinene kuliko mwenye kivuli. Wapo watu ambao kazi yao usiku ni kutafuta mistari ya namna hiyo. Tena hao wapiga picha wawili au watatu uliowaweka nyuma hawatakusaidia kitu, kwa sababu kila aliyekata tiketi atakuwa na kamera mkononi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2003 jarida la GQ la Uingereza lilimweka mwigizaji Kate Winslet kwenye jalada likiwa limemrefusha na kumpunguza miguu bila idhini yake, naye akasema waziwazi kwamba haonekani hivyo na wala hatamani kuonekana hivyo. Mwaka 2015 mwigizaji Zendaya alipoona jarida moja limempunguza nyonga na kiwiliwili, akiwa na umri wa miaka 19, aliweka picha zote mbili ubavu kwa ubavu, na jarida likalazimika kuliondoa toleo lile. Nikawaza pia juu ya Lupita Nyong'o mwaka 2017, ingawa kwake ilikuwa nywele na si uzito, kwani jalada lilizifuta nywele zake za asili. Wote watatu hawakulalamika kwamba wamefanywa wabaya. Walilalamika kwamba mtu mwingine ameamua mwili wao uweje.

Kwa kuwa umetaja matangazo, ujue kwamba ziko nchi ambako hili ni suala la sheria. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka picha ya tangazo iliyobadilisha unene au wembamba wa mwanamitindo iandikwe hivyo, na Norwei tangu Julai 2022 inataka alama kwenye tangazo lolote ambalo umbo, ukubwa au ngozi ya mtu imehaririwa, hata likiwekwa na mtu maarufu kwenye ukurasa wake mwenyewe.

Jicho Halilali

Samahani, wakuu, lakini mimi naona hii ni chai. Nimeusoma uzi mara mbili. Mwanzoni tumeambiwa msanii anatukanwa kwa unene hata mlinda ukurasa halali. Baadaye tumeambiwa picha zote za miezi mitano zimepunguzwa. Sasa anayetukanwa kwa unene ni nani, ikiwa picha zinamwonyesha mwembamba? Zaidi ya hayo, ni mwimbaji gani asiyeona picha zake mwenyewe kwa miezi mitano? Hana shoga, hana mama, hana jirani wa kumwonyesha? Nadhani mtu anajifunza kuandika hadithi na sisi tumempa darasa la bure.

Mwendo wa Asubuhi

Jicho amenifungua macho. Hata mimi nilijiuliza, mume yuko wapi katika habari hizi?

Mzee wa Hoja

Nilijua. Mtu mwenye shida ya kweli haandiki kwa ufasaha namna hii.

Bi Mkubwa wa Pili

Mzee wangu, kwani mwenye shida amekatazwa kuandika vizuri? Mwacheni ajibu kwanza. Hata kama ni hadithi, mimi sijibu hadithi, namjibu mwanamke yeyote aliyewahi kubeba faili kifuani.

Mlinda Mlango

Jicho, umeuliza kwa haki, nami nitajibu ingawa jibu linaniaibisha. Matusi niliyoyaeleza ni ya kipindi cha kwanza. Kwa sasa hawamtukani, wanamsifu kwa kupungua upesi, na wazazi wengine wanamwuliza ametumia nini. Maswali hayo ndiyo yanayoninyima usingizi hivi sasa.

Kuhusu yeye kutoona, ni hivi. Baada ya zile siku za mwanzo hali yake haikuwa nzuri, akaacha kutumia simu kwa ushauri wa waliomhudumia, na nyumbani ikawekwa kanuni kwamba hakuna anayemwonyesha mtandao, wala mumewe. Picha anaziona, lakini anaziona ndani ya kamera yangu kabla sijazihariri, na yeye ndiye anayechagua. Jioni humsomea maoni. Namsomea mazuri, nayo ni ya kweli, yameandikwa na watu wa kweli.

Nanga

Ngoja kwanza. Unamaanisha kwamba anachagua picha ya mwili wake ulivyo, wewe unaibadilisha, kisha unamsomea sifa za picha nyingine?

Mlinda Mlango

Ndiyo. Anaamini kwamba watu wameupokea mwili wake. Ameanza kucheka tena. Wiki iliyopita aliniambia kwamba hakutegemea wangekuwa na huruma kiasi hiki. Mnaponiambia nimweleze, mnaniambia nimnyang'anye hicho.

Bi Mkubwa wa Pili

Mwanangu, nimesimama kuosha vyombo nikarudi kukujibu. Wewe ulitaka kumkinga, naamini hivyo. Lakini wale waliochora duara jekundu walisema tumbo hili halifai kuonekana, na wewe kila usiku umekuwa ukikubaliana nao kwa kidole chako. Ataingia jukwaani akidhani anakwenda kwa watu wanaomjua alivyo. Akiyapata kwao yale maneno, siku moja, mbele ya taa, hatakuwa na wa kumshika, kwa sababu atagundua papo hapo kwamba hata wewe hukuwa upande wake. Bora aumie leo sebuleni, mumewe akiwapo, na wale waliomhudumia wakiwa wamearifiwa mapema.

Jicho Halilali

Bado sina hakika kama haya ni ya kweli. Lakini kama ni ya kweli, naunga mkono. Usimwambie ukiwa peke yako, na usifute picha hata moja kabla hajaziona zote.

Sindano na Uzi

Nimekuwa msomaji tu tangu juzi, ila mimi ni fundi cherehani na kuna neno limenikaa kichwani. Umesema gauni jeusi pana limeshaanza kushonwa. Fundi alipewa vipimo na nani, na gauni hilo alilichagua nani?

Mlinda Mlango

Vipimo nilimchukua mimi, nikimwambia ni vya nguo za mazoezi. Gauni nililichagua mimi.

Nimezungumza na mumewe usiku huu. Kesho asubuhi tutakaa naye, na yule muuguzi aliyekuwa akimtembelea amekubali kuja. Picha sijazifuta. Bado nafikiri kwamba kama nisingezihariri wakati ule tungempoteza, na hilo nitamwambia pia, alikatae mwenyewe akitaka.

Sindano na Uzi

Na yeye alitaka gauni gani?

Mlinda Mlango

La njano. Lenye mkanda kiunoni.