Kishikwambi kimoja, watoto 112, naomba ushauri

MwalimuWaZiwani:
Wakuu habari za jioni. Mimi mwalimu wa msingi huku Ilemela, mwaka wa 29 huu nashika chaki, ile 55 ya kustaafu kwa hiari naiona pale. Vishikwambi vya sensa ya 2022 tulipogawiwa walimu changu nilikiviringisha kwenye kitenge nikakitia kabatini, sasa mwalimu mkuu anataka kila mtu atumie TEHAMA na wathibiti ubora wanakuja muda wowote. Jumatatu nikajaribu, darasa la tano, Sayansi, samaki anavyopumua. Nimekiinua juu kama padri na kikombe, wa mbele wanaona, wa nyuma wamepanda madawati, mara bando likakata kikabaki kile kiduara kinazunguka tu, katoto ka dawati la tatu kakaniambia "mwalimu ungedaunlodi jana". Darasa zima kicheko. Nifanyeje jamani?

sangara_mkavu:
😂😂 pole mwalimu, hako mpe umonita

Binti Igoma:
Shikamoo mwalimu. Mtoto kasema kweli, pakua usiku ukiwa nyumbani, hata vitabu vya kiada vipo bure maktaba mtandao ya TIE, ile Taasisi ya Elimu. Ila kioo kile kwa watoto 112 usijidanganye. Sisi tunaazima tivii bapa ya ofisini, video tunaitia kwenye flashi tunachomeka. Kama hamna, gawa makundi, moja linaangalia dakika tano mengine yanachora, mnabadilishana. Kelele vumilia tu.

mstaafu_ukerewe:
Video ya samaki, Mwanza?? Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi nunua vichwa vya sato, kila kundi kichwa chake, mtoto afunue shavu aone yale matamvua mekundu ayaguse. Hiyo mitambo iwekee vitu ambavyo hatuwezi kuvibeba darasani, volkano, moyo unaodunda.

Binti Igoma:
Sawa mzee wangu lakini mthibiti akija na fomu yake ataonyeshwa kichwa cha sato?

mstaafu_ukerewe:
Aonyeshwe, na kama hana mboga aondoke nacho.

fundi_redio:
Mbona vyote vinawezekana. Mwalimu weka samaki hai kwenye beseni, mrekodi mwenyewe kwa karibu, utaona mdomo ukifunguka mashavu yanafunga, mdomo ukifunga mashavu yanafunguka, na video yako mwenyewe haili bando. Ila usichukue kambale, yule hupanda juu kuvuta hewa, utaulizwa maswali mpaka kengele.

MwalimuWaZiwani:
Mrejesho wakuu. Vichwa vya sato nilipata nane, watoto kumi na nne kila kichwa, wamebanana lakini kila mmoja kaingiza kidole. Tivii ya ofisini tumeibeba na yule monita wangu mpya (ndiyo, nimempa) na flashi kachomeka yeye. Kitenge sasa nafutia magamba kwenye kioo. Tatizo sato hai sikupata, nikarekodi kambale. Fundi, wameuliza mpaka kengele.