MREJESHO: Yule mpiga besi wa Zenji mwenye shoo kumi na moja ndani ya Februari

Wakuu, mimi ndo niliuliza nikubali kazi zote au nichague. Nilikubali zote, tamaa tu. Hoteli za Nungwi, harusi tatu, usiku narudi na daladala ya mwisho gitaa mapajani, wiki ya pili vidole malengelenge matupu, nabandika plasta, jasho likija inachomoka katikati ya wimbo 😂. Harusi moja mpaka leo napigwa kalenda. Aliyesema nidai advansi kwanza, heshima yako.

Ila siku niliyokuwa fri nikazama Ngome Kongwe, tamasha la muziki la Sauti za Busara, nikaganda mbele namwangalia mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, risha za kuchapia nyuzi zimefungwa kwenye vidole vya shahada, zinakimbia kama cherehani, malengelenge nikayasahau kabisa. Machi nimechukua shoo nne tu.