Tanzania imewahi kucheza Kombe la Dunia au haijawahi? Nisaidieni kwenye huu ubishi

mwaloni_kirumba
Wadau habari za jioni. Hapa kijiweni kwetu Kirumba karibu na mwaloni pamechafuka tangu mchana. Kuna mzee wa dagaa anasema Tanzania haijawahi kukanyaga Kombe la Dunia la mpira, la wakubwa wala la watoto, na elfu kumi kaiweka mezani. Nikamwambia mbona kuna mabinti walienda India, weee, nilichekwa na kijiwe kizima, eti hao walienda kutalii, wakapigwa nne na Wajapani wakarudi zao. Sasa mimi nakumbuka kabisa kuna siku walimfunga Ufaransa, ila nikiulizwa nani alifunga, kundi lilikaaje, waliishia wapi, sina jibu. Nani anaikumbuka vizuri? Halafu ilikuwa zali tu au timu ilikuwa timu kweli?

kocha_ilemela
Mkuu kachukue elfu kumi yako kabla mzee hajafunga magunia.

Hao ni Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Kombe la Dunia India, Oktoba 2022, kocha Bakari Shime. Nchi hii ilikuwa haijawahi kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA la soka, wavulana wala wasichana, wao ndio walifungua mlango. Na hawakubebwa: mechi ya mwisho ya kufuzu walimpiga Kameruni 4-1 kulekule kwao Yaounde halafu wakammalizia Zanzibar 1-0. Kwa hao mabinti wa U17 hakukuwa na AFCON ya kupitia, unatoana na wenzako nyumbani na ugenini mpaka zibaki nchi tatu, basi hizo zinapanda ndege. Mwaka ule zilikuwa Nigeria, Moroko na sisi.

Kundi D lilikuwa Japani, Ufaransa, Kanada na Tanzania. Tarehe 12 Japani akatupiga 4-0, hapo mzee wako hajadanganya, tatizo lake alizima redio siku hiyohiyo. Jumamosi ya tarehe 15 tukamfunga Ufaransa 2-1, bao la pili penati ya Christer Bahera. Tarehe 18 sare ya 1-1 na Kanada, wao walitangulia, Veronica Mapunda akasawazisha. Pointi nne, nafasi ya pili, robo fainali. Huko tukakutana na Kolombia ya Linda Caicedo wakatutoa 3-0, na hao Kolombia walienda mpaka fainali wakafungwa na Hispania 1-0.

jicho_kavu
Tusipambe sana jamani. Mashindano yale yalikuwa na timu 16, ukitoka kwenye kundi tu tayari uko robo fainali, hakuna 16 bora hapo katikati. Kwa hiyo neno "robo fainali" linasikika kubwa kuliko kazi yenyewe. Halafu angalieni hesabu: mechi nne, ushindi mmoja, mabao matatu ya kufunga, tisa ya kufungwa. Mimi siwadharau mabinti ila hiyo ni timu iliyopenya kwa mgongo wa Japani.

kocha_ilemela
Hesabu zako ziko sawa @jicho_kavu na hilo la Japani ni kweli kuliko wengi wanavyojua, ngoja nilieleze maana ndio sehemu tamu yenyewe.

Kabla ya mechi za mwisho Japani ana 6, sisi 3, Ufaransa 1, Kanada 1. Unaona kama tumeshamaliza eeh? Hatujamaliza. Sisi tulikuwa na deni la mabao matatu kwa sababu ya kile kichapo cha nne, Ufaransa deni lake moja tu. Tukitoa sare na Kanada tunafika 4, sasa Ufaransa naye akimfunga Japani hata bao moja anafika 4, na kwa tofauti ya mabao anatupita, tunapanga mabegi. Na Kanada akitufunga anafika 4 sisi tunabaki na 3, tumetoka. Kwa hiyo wale watoto walikuwa wanacheza mechi mbili kwa wakati mmoja, moja iko miguuni mwao, nyingine iko uwanja mwingine hawana cha kuifanya. Japani akamfunga Ufaransa 2-0. Sawa, msaada huo.

Lakini nikuulize kaka, Japani huyohuyo si alimpiga na Kanada nne bila? Mbona Kanada hakupita? Japani alimchapa kila mtu kwenye lile kundi, alimaliza na pointi 9 bila kuruhusu bao hata moja. Kilichotutofautisha ni ile Jumamosi ya Ufaransa. Ukimtoa Japani, sisi ndio pekee tuliopata ushindi kwenye lile kundi, maana Ufaransa na Kanada walitoka sare wao kwa wao. Binti wa miaka 16 amekula nne Jumatano, Jumamosi anaingia tena anakutana na jezi ya Ufaransa, hapo usiniambie mambo ya mgongo. Nina vijana wa kiume hapa wakifungwa mbili Jumapili, Jumatatu mazoezini nakuta koni na mimi.

dogo_wa_igogo
Sababu ya watu kutokumbuka ni rahisi sana. Robo fainali na Kolombia ilikuwa Jumamosi tarehe 22 na kesho yake tarehe 23 ni Yanga na Simba. Nani hapa Mwanza alikuwa anaongelea India wiki ile? Tena India wanatutangulia saa mbili na nusu, kwa hiyo mechi yao ya jioni kwako bado ni mchana, uko kazini. Kibanda umiza cha mtaani kwetu ubao wa nje uliandikwa dabi tu tangu Alhamisi 😂 Dabi yenyewe ikaisha 1-1.

mama_buzuruga
Samahanini naingilia. Mwalimu @kocha_ilemela nina binti ana miaka 13, yuko darasa la saba, anacheza na wavulana pale mtaani na viatu vya kaka yake vya namba 41 anavaa soksi mbilimbili ili visivuke. Baba yake hataki kusikia, anasema mpira wa kike hauna mwisho. Kwa huku kwetu mtoto kama huyo anaonekana wapi, au mpaka nimpeleke Dar?

kocha_ilemela
Shikamoo mama. Dar sio lazima. Hapahapa mjini kuna Alliance Girls, wamecheza ligi kuu ya wanawake. Siku timu za wasichana zinafanya mazoezi Nyamagana kwenye nyasi bandia mpeleke akae pembeni aangalie, aje na viatu vyake hivyohivyo, makocha wanaangalia mguu.

Na umri wake uko pazuri. Zamani Kombe la Dunia la U17 la wasichana lilikuwa kila baada ya miaka miwili, timu 16. Kuanzia 2025 mpaka 2029 linachezwa kila mwaka Moroko, timu 24, na mwaka huo wa 2025 Afrika iliingiza nchi tano badala ya tatu. Majirani zetu Zambia walikuwemo, sisi hatukuwemo.

Ila mama, kitu kimoja tuwe wakali nacho: cheti cha kuzaliwa. Kwenye U17 wanaangalia mwaka. Kwa ile ya India ilikuwa uwe umezaliwa kuanzia 1 Januari 2005. Nimeona wasichana wazuri wanaachwa kwa sababu karatasi ya shule inasema hivi na cheti kinasema vingine.

mama_buzuruga
Marahaba mwanangu. Cheti anacho, ila jina la babu wameliandika vibaya, herufi mbili. Hiyo nayo ni shida?

kocha_ilemela
Ni shida ndogo leo na kubwa siku ya pasipoti. Nenda nacho kwa mkuu wa wilaya kwenye dawati la RITA wakuelekeze kurekebisha, ubebe na kadi ya kliniki kama ipo. Na viatu namba ngapi anavaa hasa? Kuna pea mbili za 38 hapa zimekaa tu.