Rubani wa PPL (leseni ya rubani binafsi) avae mistari ya begani au aachane nayo? Hasa nyie mnaorukia Tanga

Mwana_Chumbageni
Habari zenu wakuu. Leseni ya PPL nimeipata mwaka huu, wikendi nakodi ndege ndogo, Cessna 172, na mara nyingi naenda Pemba au naambaa na pwani, Pangani mpaka kule Saadani. Sasa kuna jambo linanikera. Nikienda uwanja fulani nimevaa jinzi na tisheti, mlinzi wa geti ananisimamisha, nitoe leseni, nitoe cheti cha afya, apige simu, asubiri apigiwe, na muda wote huo shemeji yangu na watoto wako juani wananiangalia mimi. Hapohapo anapita kijana wa kampuni, shati jeupe, mistari mitatu, anafunguliwa hata salamu hajatoa. Rafiki yangu ananiambia nishone shati kama lile, ndege si naendesha kweli, sijaiba cheo cha mtu. Mwingine niliyesoma naye anasema nikivaa tu nitakuwa gumzo kwa marubani wote. Nyie mnaoruka mnavaa nini na kwa nini?

Caravan_Pwani
Hongera sana kaka kwa leseni. Mimi naruka kibiashara na mistari minne ninayo, nakwambia kwa nia njema kabisa, usiivae. Ile ni alama ya cheo kazini, minne kapteni, mitatu msaidizi wake, na asili yake ni meli. Pan Am ya Marekani miaka ya 1930 walipoanza kuvusha abiria bahari kubwa kwa ndege zinazotua majini waliwavalisha marubani kama maofisa wa meli ili abiria wawe na imani, kabla ya hapo rubani alikuwa mtu wa koti la ngozi na miwani ya upepo maana alikaa wazi kwenye baridi.

Lakini kinachonisumbua zaidi mimi ni hela. PPL huruhusiwi kulipwa, na mtu wa kawaida akiona mistari anajua hii ni ndege ya nauli. Nimeshuhudia kwa macho yangu mzee mmoja, furushi kwapani, anamfuata kijana wa PPL aliyevaa hivyo na kumwekea noti mkononi, nipeleke Chake Chake mwanangu nina mgonjwa. Kijana akamrudishia kwa adabu, akaeleza weee, mzee hakuelewa, akaondoka anaamini amenyimwa kiti kwa sababu hela yake ndogo. Iliniuma sana ile. Kuhusu geti, fuatilia pasi ya kuingia uwanjani, mlinzi anatakiwa asome kitambulisho na sio mabega.

Anga_Huru
Mimi natofautiana na mkuu hapo juu. Ulaya kuna marubani binafsi wanavaa mistari kwa ajili ya geti tu, wakishaingia wanaivua. Kama inawaondolea watoto jua mimi sioni dhambi, vaa.

Mama_Raskazone
Mdogo wangu mimi si rubani, ni abiria, nimepanda hizi ndege ndogo na ndugu yangu mara kadhaa na mwanzoni nilikuwa naogopa haswa. Kilichonituliza ni kumuona anaizunguka ndege taratibu, anapitisha mkono kwenye bawa, anachota mafuta kidogo chini ya bawa kwenye kikombe cheupe na kuyainua kwenye mwanga aone kama yana maji au uchafu. Alikuwa kavaa shati la mikono mifupi la kawaida, safi, limenyooshwa. Usafi jamani usiuache, ukija umekunjamana na sisi roho zinakunjamana. Mistari wala sikuikumbuka.

Spana_13
Fundi wa ndege hapa. Naona mnaongelea rangi na mabega, mimi nauliza kitambaa. Hayo mashati ya yunifomu ya bei rahisi mengi ni poliesta, ikishika moto inayeyuka na kugandia kwenye ngozi, vaa pamba, tena suruali ndefu. Wanajeshi wanavaa ovaroli za Nomex, kitambaa kinachostahimili moto, kwa sababu hiyohiyo ya moto. Viatu viwe vya kufunga na soli nyembamba uzisikie pedali, na ndala nakuomba sana ziache kwenye gari, inachomoka inaingia chini ya pedali wakati unatua halafu utafanyaje? Ukiwa maegesho ya ndege vaa kizibao cha reflekta uonekane. Na jaketi beba hata kama Tanga kuna joto, kila futi 1,000 unapoteza kama nyuzijoto 2, hapa chini ikiwa 31 basi ukivuka Usambara kwenye futi 9,500 uko kwenye 12 hivi.

Na wewe unaevuka kwenda Pemba vazi lako la kwanza ni laifujaketi, lile jaketi la kukuelesha majini. Kutoka bara ni kama kilomita 50, na 172 ikizima injini kwenye futi 5,000 itateleza kilomita 14 hivi kama upepo umetulia, kwa hiyo katikati pale hufiki bara na Pemba hufiki. Ivae kabla ya kupaa, kuisaka chini ya kiti wakati unashuka hakuna muda huo. Na wafundishe abiria wasiijaze hewa wakiwa ndani. Ile ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikaishiwa mafuta na kuangukia majini Komoro mwaka 1996, walikufa watu 125 kati ya 175, na wengi walikuwa wamejaza majaketi wakiwa bado ndani, maji yalipoingia majaketi yakawainua na kuwabana kwenye dari wakashindwa kutoka.

Mwana_Chumbageni
Shukrani sana wote. Dada Mama_Raskazone nimekusikia, pasi itapigwa. Caravan_Pwani habari ya yule mzee imenigusa, shati jeupe la pamba nitashona ila mabega yabaki wazi, na pasi ya uwanja naanza kuifuatilia wiki hii. Anga_Huru nakuelewa kaka ila sitaki mtu anitolee nauli. Spana, laifujaketi za kukodi ninazopewa zote ni za watu wazima na mtoto mdogo kuliko wote kwenye safari ana miaka 4, inawezekana kumkazia mikanda?

Spana_13
Hapana, usijaribu. Ya mkubwa ikijaa hewa inamchomoka mtoto kichwani. Tafuta ya uzito wake, na kama hujaipata siku hiyo msivuke, ambaa na pwani uwapeleke Pangani.