Tupeane uzoefu: wewe na timu yako ndogo ya chuo ya mpira wa Kimarekani, mnapanda daraja au mnajichosha?

Njia81 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Harrisonburg, Virginia, mwaka wa kumi na moja sasa. Uzi huu naufungua nikiwa na furaha kidogo na hasira kidogo, mtanisamehe nikivichanganya.

Nilipofika hapa 2015 nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kazi ya kwanza ilikuwa kiwanda cha bata mzinga, zamu ya usiku. Jumamosi nikitoka kazini nakuta mji umejaa magari yenye bendera za zambarau, watu wazima na akili zao wamejipaka rangi usoni, wanachoma nyama kwenye maegesho saa tatu asubuhi. Nikajua ni sikukuu ya dini yao. Mwaka uliofuata mzee mmoja tuliyekuwa tunasimama naye kwenye mstari wa kukata mapaja akanipa tiketi ya mkewe, mama alikuwa na mafua. Nikaingia uwanja wa Bridgeforth na usingizi wangu. Sielewi kitu. Wanaume wanasimama, wanagongana, wanaanguka, wanasimama tena, saa nzima. Mara mmoja akachomoka na lile yai hadi mwisho wa uwanja, na jukwaa zima likarusha tepe za karatasi, zambarau na dhahabu, anga yote. Moja ikanishukia begani ikajizungusha shingoni. Nikataka kuitoa, mzee akanishika mkono: iache. Nikakaa nayo mpaka nyumbani. Mke wangu aliuliza nimetoka harusini kwa nani.

Ndiyo hivyo nikawa mtu wa James Madison, JMU. Chuo kilianza 1908 kama cha kufundisha walimu wa kike, timu yenyewe ya mpira huu imezaliwa 1972, na uwanja unaingiza watu kama 25,000. Kwa hapa Marekani, ambako kuna vyuo vyenye viwanja vya watu laki moja, sisi ni kibanda cha chipsi.

Kwa ambao hamfuatilii: huku timu haipandi daraja kwa kushinda. Unaweza kuchukua ubingwa wa daraja la pili mpaka kabati lijae ukabaki pale pale. Kupanda ni kualikwa na umoja wa vyuo vya juu, wao wanaita konferensi, halafu uwe na pesa. Sisi tulichukua ubingwa wa chini 2004 na 2016, tukaalikwa na konferensi ya Sun Belt, tukapanda 2022. Tulipofika juu tukaambiwa ninyi wageni, miaka miwili hakuna kugombea ubingwa wa konferensi. Mwaka wa kwanza tukamaliza na rekodi bora upande wetu, fainali wakaenda wengine. Mwaka wa pili tukashinda mechi kumi mfululizo, hadithi ile ile.

Halafu kocha wetu Curt Cignetti akachukuliwa na chuo cha Indiana, mwisho wa 2023. Hakwenda peke yake, alibeba wachezaji wetu zaidi ya kumi. Akaja Bob Chesney. Msimu wa 2025 Chesney katupa ubingwa wa Sun Belt, tukaingia mtoano wa timu 12 wa kugombea ubingwa wa nchi nzima, sisi wa mwisho, namba 12. Sherehe haijaisha, chuo cha UCLA wakatangaza kumchukua. Alitusimamia mpaka mechi ya mwisho kisha huyo, California.

Sasa nauliza wenye timu ndogo mlizoziokota huku. Hii safari ina mwisho mzuri au tunalea watoto wa watu? Tupeane uzoefu, ya kwako, si ya kwenye luninga.

Nyayo za Mashariki

Kaka Njia81 pole. Mimi niko Portland, Oregon, Mkenya, na hao Oregon waliowafunga ninyi 51-34 kwenye mtoano ni watu wangu. Niliangalia kwa baa na wenzangu. Kufika mapumziko ilikuwa 34-6, tukaanza kuongea mambo ya kodi ya nyumba. Kusema ukweli nilikuwa upande wa wale wanaosema timu kama JMU zisiingizwe kabisa, zinajaza nafasi. Tulane, wadogo wenzenu, nao siku hiyo hiyo wakachapwa 41-10 na Ole Miss. Watu wanataka kuona mechi, si msiba.

Njia81

Ndugu yangu wa Portland, kipindi cha pili sisi tulipata 28 ninyi 17, hesabu hiyo hamuipendi. Lakini nakuuliza moja tu: nusu fainali mlikutana na nani?

Nyayo za Mashariki

Wacha hiyo story.

Njia81

Siachi! Wadau, Oregon walikutana na Indiana ya Cignetti. Pasi ya kwanza kabisa ya Oregon ikadakwa na D'Angelo Ponds, akaenda nayo moja kwa moja kufunga. Ponds huyo 2023 alikuwa wetu, hapa Bridgeforth. Mechi ikaisha 56-22. Na Januari 2026 Indiana wakawafunga Miami 27-21, wakawa mabingwa wa nchi, hawajapoteza mechi hata moja msimu mzima. Ponds, Fisher, Sarratt, Kamara, wote walivaa zambarau kabla ya kuvaa nyekundu. Nilikaa sebuleni nashangilia na mwanangu ananiuliza, baba, mbona unalia kwa timu ya watu?

Bibi Theluji

Hodi humu. Mimi niko Fargo, North Dakota, baridi imenizeesha kabla ya siku zangu. Nasafisha ofisi, na ofisi moja niliyokuwa nasafisha walikuwa wanagawa tiketi za Bison, timu ya North Dakota State. Kwetu wanacheza ndani, uwanja una paa. Mtu akikuambia kelele, mwambie hajafika Fargodome. Siku ya kwanza nilitoka masikio yanaimba, nikameza Panadol mbili.

Njia81 usijifanye mnyonge. Desemba 2016 ni ninyi mlikuja humu ndani mkatutoa nusu fainali, 27-17, sisi tukiwa tumechukua ubingwa miaka mitano mfululizo. Nilikuwepo. Ule ukimya wakati tunatoka, watu wamevaa makoti polepole, hakuna anayeongea, nje digrii zimeshuka chini ya sifuri. Nilikasirika nikashindwa kupika.

Ila tukawalipa. Tuliwafunga fainali ya Januari 2018, tukawafunga tena Januari 2020. Sisi tuna vikombe kumi vya daraja lile. Swali la kupanda lilizungumzwa hapa kila kiangazi kama mahari ambayo haijakamilika, hadi 2026 tulipoalikwa juu. Na sasa bei imepanda: zamani chuo kililipa dola 5,000 kuomba kupanda, tangu 2023 ni dola milioni 5. Mimi upande wangu nilisema tubaki. Kule chini kila Desemba nilikuwa na mechi ya maana. Huko juu nitakuwa nashukuru kupoteza kwa heshima.

Mama Neema wa Boise

Dada wa Fargo, nakuheshimu, lakini hapo kwenye "tubaki" sikubaliani na wewe.

Nipo Boise, Idaho. Waswahili tuko wengi hapa, wengi wetu Wakongo. Boise State ndio wenye uwanja wa nyasi za bluu, wameweka tangu 1986. Mwanangu wa kwanza alipouona mara ya kwanza akauliza kama ni bwawa. Chuo hiki nacho kilikuwa kidogo, kikachukua ubingwa wa chini 1980, kikapanda 1996, watu wakacheka hivi hivi. Januari 2007, huko Arizona, wakawafunga Oklahoma 43-42 kwa ule mchezo wa kujifanya unarusha kumbe mpira umeuficha nyuma ya mgongo, na aliyefunga, Ian Johnson, akapiga goti pale pale kumchumbia msichana wake. Sikuwepo nchi hii, lakini nimesimuliwa kazini, kanisani na saluni, kila mtu anadai alikuwa uwanjani. Huo uwanja wa Arizona uliingiza watu wangapi jamani!

Msimu wa 2024 niliona kwa macho yangu. Yule Ashton Jeanty alikimbia yadi 2,601. Niliuza sambusa nje kwa jirani yangu anayekodisha ua wake siku za mechi, kila wakipiga kelele najua ni yeye, mafuta yananirukia. Tukaingia mtoano tukiwa namba 3, tukatolewa na Penn State 31-14.

Sasa nikupe siri ya Boise, Njia81, maana kilio chako ni makocha. Sisi pia tumechukuliwa. Koetter alikwenda Arizona State. Hawkins akaenda Colorado. Petersen, yule aliyeshinda mechi 92 na kupoteza 12 tu, akaenda Washington. Lakini angalia waliofuata: Hawkins alikuwa msaidizi wa Koetter. Petersen msaidizi wa Hawkins. Harsin aliwahi kuwa msaidizi wa Petersen. Mpaka huyu wa sasa, Danielson, kalelewa humu humu. Kila akiondoka mpishi, jikoni kuna anayejua chumvi inawekwa saa ngapi. Ninyi naona kila mara mnaagiza mpishi mpya kutoka nje.

Njia81

Mama Neema umenigusa penyewe. Kocha Mike Houston tulimtoa chuo cha The Citadel, Cignetti tukamtoa chuo cha Elon, Chesney chuo cha Holy Cross, na sasa tumemleta Billy Napier aliyefukuzwa Florida. Wote wa nje. Lakini nikutetee uongozi kidogo: watatu wa kwanza wote wameshinda. Tuna jicho la kuchagua. Tatizo jicho hilo hilo wakubwa wamelijua, wanasubiri tuchague wao wachukue.

Mzazi Mlipaji

Mimi sina timu, nina bili. Kijana wangu yuko chuo kimoja, sikitaji, si hicho chenu. Juzi nimefungua karatasi ya ada nikasoma mstari kwa mstari kama mkaguzi. Kuna ada ya michezo. Kijana hachezi, haangalii, anasoma uuguzi na wikiendi analala. Nikauliza kazini, nikaambiwa vyuo vya saizi hiyo vingi vinaendesha michezo kwa ada za wanafunzi, maana havina zile pesa za televisheni za wakubwa. Na tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Wakubwa wanafika huko bila jasho. Sasa mdogo mwenye hamu ya kupanda atazitoa wapi kama si kwangu mimi? Naomba shabiki mmoja anijibu bila kunitukana.

Njia81

Mkuu hatukutukani. Hata JMU sehemu kubwa ya bajeti ya michezo inatoka kwenye ada za wanafunzi, na hilo linajulikana. Binti yangu atafika umri wa chuo baada ya miaka mitatu, nadhani siku hiyo nitahamia upande wako.

Baba Furaha, Missoula

Mimi niko Missoula, Montana. Wakongo tulianza kuletwa hapa 2016. Timu yetu ni Grizzlies, wa Chuo Kikuu cha Montana. Njia81, hiyo 2004 unayojisifia mlitufunga sisi, 31-13. Sikuwa nimefika lakini jirani yangu bado ana kinyongo, nikimwambia nina rafiki Harrisonburg anabadilisha mazungumzo.

Uwanja wetu uko chini ya mlima wenye herufi M kubwa ya zege. Mji wote una watu wachache kuliko mtaa mmoja wa Bukavu, lakini siku ya mechi na Montana State wa Bozeman, duka linafungwa, fundi wa gari hapokei simu, hata mchungaji anafupisha. Mwaka 2021 tulikwenda Washington, wale wakubwa wa Seattle, tukawafunga 13-7 kwao. Tukarudi nyumbani na stori ya kutosha miaka kumi. Mimi kupanda sikutaki. Nikipanda, Bozeman nitacheza naye lini?

Bibi Theluji

Baba Furaha asante, nilikuwa nimebaki peke yangu.

Nyayo za Mashariki

Mimi nakubali kitu kimoja. Nilisema zisiingizwe. Lakini hao wachezaji wa Indiana mwalimu wao alikuwa Harrisonburg. Sasa kama shule ndiyo hiyo, mbona tunaikataza mtihani? Sijabadilisha maoni yote, nusu tu.

Njia81

Nusu inatosha, kaka. Nawe Mama Neema, nitaandika barua kwa mkurugenzi wa michezo kuhusu hao wasaidizi, Kiingereza atanisahihishia binti.

Mimi msimamo wangu ni huu. Kule chini tulikuwa na vikombe, na nafasi nyingine zingekuja. Lakini Septemba 2024 tuliwafunga North Carolina 70-50, kwao, na yule mzee wa kiwandani alinipigia simu, sasa ni mstaafu, haongei, anapumua tu kwenye simu na kucheka. Kwa kile kicheko kocha na aondoke, aje mwingine.

Tepe ile ya 2016 bado ninayo, imefifia, mke kaifungia mapazia ya chumba cha watoto. Msimu unaanza mwishoni mwa kiangazi. Anayetaka kuja aniambie mapema, godoro la ziada lipo, na Mama Neema akija aje na sambusa, maegesho ya hapa hakuna anayeziuza.

Mama Neema wa Boise

Sambusa dola mbili, ukiwa na nguo ya zambarau dola mbili na nusu.